Frigo inawaka, inazima: usikimbilie gazi

Mulekera, saa moja ya jioni. Frigo ya mama muuza jusi inalia tak, inazima, nyuma ya dakika chache inajaribu tena. Bwana yuko kwenye machimbo. Pesa alizotuma, fundi anazitaka kwa gazi. Mama, usitoe kwanza! Gazi ikipunguka, moteri inazunguka bila kupumzika na baridi haiji, haikatikatiki hivi.

Asubuhi inatumika muzuri? Basi tazama kuran. Fundi apime volti wakati moteri inaanza, hapana ikiwa imelala: 220 zikishuka mpaka 170, inashindwa kuanza, inapata moto, kinga yake inakata. Klimatizeri ni vilevile, hata pompi ya shimoni. Chomoa prizi: ikiwa na moto, imelegea. Kuran ikirudi, ngoja dakika 5 mbele ya kuwasha.