Madabodi ya kompyuta: piga hesabu kabla hujabadili

Ukurasa wetu wa ufundi mwezi huu unagusa mfuko wa nyumba moja kwa moja. Kando ya ziwa, kuanzia Rumonge hadi Nyanza-Lac, kuna familia ambazo kompyuta moja ya mezani ndiyo shamba lao. Inaandika barua za maombi, inatoa picha za pasipoti, inajaza nyimbo kwenye flashi za wateja. Kijiduka cha namna hiyo kule wanakiita kwa Kifaransa secrétariat public. Wapo pia kati yetu wenye mashine kama hiyo hapa kambini, na wanafikiria kuibeba siku ya kurudi.

Siku mashine ikigoma, mara nyingi fundi anatoa jibu moja: "Carte mère imekufa." Hilo ndilo jina la madabodi kwa mafundi wa Burundi na Kongo. Halafu anataja bei, na mama anaanza kufikiria kuuza mbuzi. Subirini kidogo. Huenda ni kweli imekufa, huenda siyo. Na hata kama imekufa, kununua madabodi peke yake si lazima iwe ndiyo njia ya bei nafuu.

Tuelewane kwanza. Madabodi ni ule ubao mpana ulio ndani ya boksi, ambao kila kitu kinachomekwa hapo: prosesa, RAM, diski, kibodi, skrini. Watu wengi wanaliita boksi lote "CPU", lakini CPU kwa kweli ni prosesa, kile kidude cha mraba kilicho chini ya feni. Ukienda dukani ukasema "nataka CPU", unaweza kupewa kitu ambacho hukukitaka.

HAKIKISHA KWANZA

Kabla ya kulaumu madabodi, jaribuni haya kwa zamu:

1. Pawa saplai, lile boksi la chuma linalopokea waya wa umeme. Umeme ukikatika na kurudi kwa kishindo, hili ndilo linalopigwa kwanza. Azima nyingine inayofanana, jaribu.

2. RAM. Chomoa, futa meno yake ya rangi ya dhahabu taratibu kwa kifutio cha penseli, rudisha moja moja. Mashine inayolia "pii pii" bila kuwaka, mara nyingi inalalamikia RAM.

3. Betri ndogo ya duara iliyoandikwa CR2032, ya volti 3. Ikiisha, saa inarudi miaka ya nyuma kila ukiwasha, na mashine nyingine zinagoma kabisa. Ni kitu cha bei ndogo.

4. Vumbi na joto. Safisha feni kwa brashi kavu ya rangi. Kama mashine inazima yenyewe baada ya dakika kumi, ile dawa nyeupe kati ya prosesa na feni huenda imekauka.

5. Angalia vile vikopo vidogo vilivyosimama kwenye ubao, vinaitwa kapasita. Vikiwa vimefura juu au vimetoa maji ya kahawia, hapo kweli madabodi inaumwa. Ubao wa miaka ya mwanzo ya 2000 ulijulikana dunia nzima kwa ugonjwa huu. Lakini bado unatibika: fundi mwenye pasi ya risasi anaweza kuweka kapasita mpya zenye uwezo uleule na volti zilezile au zaidi.

Kabla ya kugusa chochote, chomoa waya wa umeme, kisha shika chuma cha boksi kwa mkono ili umeme wa mwilini utoke.

Kama shida ni uzito tu, mashine inawaka lakini inachelewa, basi usiguse madabodi. Ongeza RAM, na badala ya diski ya zamani weka SSD. Ile mashine uliyotaka kuitupa utashangaa inavyochangamka.

MADABODI HAIJI PEKE YAKE

Tuseme umehakikisha imekufa. Hapa ndipo wengi wanapopotea. Prosesa ya Intel ina kiti chake, na kiti kinabadilika kila baada ya miaka michache. Kiti cha LGA 775 kilitoka 2004, LGA 1155 kikatoka 2011, LGA 1150 mwaka 2013, LGA 1151 mwaka 2015. Prosesa ya kiti kimoja haikai kwenye kingine. Hata kwenye LGA 1151, namba inafanana lakini prosesa za kuanzia mwishoni mwa 2017 zinataka ubao wa wakati wao.

RAM nayo ni hivyohivyo. DDR2, DDR3 na DDR4 kila moja ina pengo lake mahali tofauti. Ukilazimisha, unavunja. Kwa hiyo ukinunua madabodi mpya zaidi, unaweza kujikuta unanunua na prosesa na RAM. Kitu kimoja kimekuwa vitatu.

Tena kuna mtego mwingine. Boksi nyingi zilizotumika zinazofika kwetu ni zile za ofisi za Ulaya, Dell OptiPlex na HP za aina hiyo. Hizi ni imara, lakini nyingi zina ubao wa umbo lao wenyewe. Hesabu matundu ya waya mkuu kutoka pawa saplai. Waya wa kawaida una matundu 24. Ukikuta 8 au 6, ujue madabodi ya kawaida haitaingia humo mpaka ubadili na pawa saplai, pengine na boksi lenyewe. Kwa mashine kama hiyo tafuta ubao wa modeli ileile tu.

HESABU YA NYUMBANI

Chukua karatasi, andika bei ya madabodi, ya prosesa, ya RAM, ya pawa saplai kama inahitajika, na mkono wa fundi. Ongeza nauli. Kutoka Rumonge, vipuri mara nyingi vinatafutwa Bujumbura, mwendo wa kilomita sabini na ushee kwa barabara ya kando ya ziwa. Wa Nyanza-Lac wanaweza kuangalia Kigoma kwa njia ya Mugina na Manyovu, lakini ushuru wa mpakani uingie kwenye hesabu.

Upande wa pili wa karatasi andika bei ya boksi zima lililotumika, likiwa na kila kitu ndani. Jumla ya kwanza ikikaribia ya pili, nunua boksi zima. Diski yako, na RAM kama ni ya aina moja, vinahamia humo. Boksi la zamani liuze kwa fundi kama vipuri.

Ukienda dukani, beba ubao mbovu mkononi. Usitegemee maelezo ya mdomo. Na usilipe mpaka uone inawaka mbele yako.

NYARAKA KWANZA

Jambo hili kwetu ni kubwa kuliko fedha. Ndani ya diski kuna picha za vyeti vya kuzaliwa, ripoti za shule, karatasi za usajili. Yote hayo yanakiliwe kwenye flashi mbili kabla fundi hajashika bisibisi. Ukisafiri kwa lori au mtumbwi, chomoa diski, ifunge kwa kitambaa ndani ya mfuko wa plastiki, ubebe mwenyewe. Boksi linaweza kununuliwa tena.

Jueni pia kwamba leseni ya Windows iliyokuja na mashine imefungwa kwenye madabodi yake. Ukibadili ubao inaweza kudai upya. Windows 10 iliacha kupewa matengenezo ya kawaida tarehe 14 Oktoba 2025, na Windows 11 haikubali rasmi prosesa za Intel zilizo kabla ya kizazi cha nane, isipokuwa chache sana. Kwa mashine za namna yetu, Linux kama Ubuntu ni ya bure na barua zinaandikika vizuri tu.

MAJI YA ZIWA

Mwaka 2021, na tena 2024, Tanganyika ilipanda ikaingia nyumba za watu Gatumba na Rumonge. Kompyuta iliyolowa usiiwashe "kujaribu", maana hapo ndipo inapoungua. Toa betri, sugua ubao kwa mswaki laini na spiriti safi, uache kivulini penye upepo siku kadhaa. Na siku za kawaida, boksi likae juu ya meza, mbali na moshi wa jiko, na waya upitie kwenye stabilaiza. Umeme ukikatika, chomoa. Subiri utulie ndipo uwashe.

Mwenye swali alete kwa wahariri kabla ya mwisho wa mwezi. Andikeni aina ya mashine na maneno yaliyochapwa kwenye ubao. Tukutane toleo lijalo, Mungu akipenda.