Makazi Juu ya Ardhi ya Tanuri

Mwenyeji wa Bel-Air, katika komine ya Kampemba mjini Lubumbashi, hahitaji kwenda mbali kuona jinsi viwanda na makazi vilivyokua bega kwa bega, kwa kuwa majina ya mitaa ya jirani ni ushahidi tosha: mmoja huitwa Industriel, na mwingine Tabacongo, jina lililoachwa na kampuni ya tumbaku. Mji uliasisiwa mwaka 1910 kwa jina la Elisabethville, reli ya kutoka kusini ikaufikia mwaka huo huo, na mwaka 1911 tanuri la Union Minière du Haut-Katanga likamimina shaba yake ya kwanza. Leo, watu wakizidi kuongezeka na viwanja vikiadimika, hapana budi kuuliza kama mabohari na karakana zilizonyamaa haziwezi kugeuzwa kuwa nyumba za kukaa watu.

Kwingineko jambo hili limekwisha tendeka. Mjini Vienna, Austria, matangi manne makubwa ya gesi, yaliyojengwa baina ya 1896 na 1899, yaliachiwa kuta zake za nje za matofali, na ilipofika 2001 ndani yake mlikuwa na maghorofa ya makazi, ofisi na maduka. Hoja ya kuhifadhi kuta ina uzito zaidi kwetu, ambako tofali huchomwa kwa kuni, kwani kila tofali linalotumika tena ni kuni za miombo zilizosalimika.

Walakini Katanga, eneo la Lubumbashi, ina hesabu yake. Tangu mwishoni mwa miaka ya 1920, Union Minière, ilipoona hasara ya kubadilisha vibarua kila mara, iliwakalisha wafanyakazi pamoja na wake na watoto wao katika kambi zilizokuwa karibu na mtambo, ikawapa nyumba, posho, shule na matibabu. Kampuni ilitaifishwa 1967, ndiyo iliyokuja kuitwa Gécamines. Ikadhoofika vibaya katika miaka ya 1990, na mwaka 2003 wafanyakazi zaidi ya 10,000 waliondolewa kwa mpango ulioitwa wa kuondoka kwa hiari. Kazi ilikwisha, familia zikabaki. Basi kukaa kando ya kiwanda si jambo geni kwetu. Lililosahauliwa ni kuiuliza ardhi.

Na ardhi ina jawabu. Hadi mwanzoni mwa miaka ya 1990, moshi wa bomba refu la tanuri la Lubumbashi ulibeba gesi ya salfa pamoja na chembe za shaba, zinki, kobalti, risasi na kadimi, na kwa kuwa pepo za Lubumbashi aghalabu huvuma kutoka kusini-mashariki, uchafu huo ulishukia upande wa kaskazini-magharibi, hata miti ikafa na udongo ukabaki uchi. Mtaa wa Penga-Penga umo katika njia hiyo. Watu wamejenga hapo, na wengine hupanda lengalenga uani, mboga ambayo hunyonya madini bila ya jani lake kuonyesha dalili yoyote kwa mpishi. Wataalamu wa Chuo Kikuu cha Lubumbashi, pamoja na wenzao wa Ubelgiji, wamejaribu kuufunika udongo huo kwa nyasi fupi zinazostahimili shaba, baada ya kuuchanganya na chokaa na mboji. Chokaa huipunguza asidi ya udongo, nayo shaba hushikwa isiyeyuke kwa urahisi katika maji. Uchunguzi mwingine, uliochapishwa 2009 na madaktari wa Lubumbashi na Leuven, ulikuta kobalti nyingi mno katika mkojo wa watu waishio karibu na migodi na mitambo, na hali ya watoto ilitia wasiwasi zaidi.

Kwa hiyo anayetaka kugeuza bohari la Kampemba asianze kwa kupaka rangi. Aanze kwa kuchimba, achukue udongo wa juu na wa chini, pembeni na katikati, hasa pale mashine zilipomwaga mafuta, aupeleke maabara. Paa la simenti yenye asbesto litolewe zima zima, likiwa limeloweshwa, lisivunjwe kwa nyundo na vijana wasio na kinga. Udongo mbaya uondolewe, au ukiwa haukuzidi sana, utiwe chokaa, ufunikwe kwa udongo safi, na juu yake imwagwe sakafu ya zege. Bustani za mboga ziinuliwe katika vitalu vya udongo ulioletwa kutoka nje. Kazi hii ni ghali, nami naona ni dhuluma kumtwika mpangaji gharama yake. Mwenye kiwanja ndiye alipe, kabla ya kupewa ruhusa ya kujenga, na majibu ya maabara yasomwe hadharani kwa Kiswahili, mbele ya mama ambao watoto wao watatambaa juu ya sakafu hiyo.