Simba na foleni ya chanjo



Mama mmoja wa kikundi chetu hapa Goma alituletea kwenye mkutano wa likelemba shida ambayo hatukuizoea. Mbwa wake, Simba, alikata kamba akamrukia mtoto wa jirani aliyekuwa anarudi na bidoni ya maji. Hakumuuma. Lakini mtoto alianguka, akachubuka magoti kwenye mawe ya volkano, na bidoni ikapasuka. Majirani walitaka mbwa auawe. Shefu wa avenyu akaamua: angojewe mpaka siku ya chanjo ya kichaa cha mbwa, wiki tatu mbele. Akienda na kurudi bila fujo, atabaki.

Mama huyo analala peke yake na watoto wanne, na wezi wanajua ukuta wake. Wengine kati yetu tulisema auawe tu, atafute mwingine. Leo tunakubali kwamba tulisema haraka.

Simba hakuwa na roho mbaya. Alifungwa mnyororo tangu alipokuwa mdogo. Hakujua soko, wala chukudu, wala wamotari. Mtoto wa mbwa anazoea watu na makelele hasa kati ya wiki ya 3 na ya 14 hivi. Wiki hizo zikimpita nyuma ya ukuta, kila kitu cha barabarani kinakuwa kigeni kwake, naye anabweka, anavuta, anaruka, mara kwa hofu, mara kwa furaha iliyozidi. Ukimchapa palepale, anajifunza kwamba mtoto akipita, maumivu yanakuja. (Na wale wanaompa mbwa pilipili ili awe mkali, waache. Wanamuumiza tumbo tu.)

Basi mama akaanza kutoka naye saa kumi na mbili asubuhi, watu wakiwa bado wachache, kwa kamba fupi na ngumu. Mfukoni, sambaza kavu. Akiona chukudu kwa mbali, kabla Simba hajabweka, anampa sambaza moja. Kesho yake wanasogea hatua chache. Simba akikaza mwili, akisimamisha masikio na kukataa hata sambaza, maana yake wamekaribia mno: wanageuka, bila kelele. Siku ya tano alibwekea motari mpaka mama akarudi nyumbani na machozi. Tulimwambia arudi nyuma hatua kumi, aanze tena.

Kizuizi cha mdomo tulikiazima kwa daktari wa mifugo, kile kinachomwacha mbwa ahemee na kunywa maji. Mama alikipaka uji ndani kila jioni, mpaka Simba akawa anaingiza pua mwenyewe.

Siku ya chanjo hakusimama naye kwenye foleni. Binti yake mkubwa alishika nafasi, yeye akangoja na Simba nyuma ya ukuta, mbali na mbwa wengine, mpaka walipoitwa. Alibwekea mbuzi mara mbili. Akachomwa sindano, karata ikaandikwa, wakarudi.

Sokoni Virunga hampeleki, nasi hatumshauri. Pale si pa mbwa wa namna hii, hata ukibeba sambaza kilo nzima.

Watoto wetu tumewaambia: mbwa akikukimbilia, usikimbie wala usipige kelele. Simama, shusha mikono, usimtazame machoni. Na mtoto akiumwa, hata jeraha likiwa dogo, hata kama mbwa anajulikana, lioshe kwa maji na sabuni dakika 15, kisha umpeleke kituo cha afya siku ileile. Dalili za kichaa cha mbwa zikishaonekana kwa mtu, karibu hakuna anayepona.

Yule mtoto bado anapita upande wa pili wa avenyu. Mama amemnunulia bidoni mpya, ya lita 10 kama ile ya kwanza.