Fahamu: Majarida yanayowinda ada za watafiti

Barua pepe inaingia alfajiri. Inamwita msomaji "Mheshimiwa Profesa", naye bado anahangaika na shahada ya uzamili. Jarida linaahidi kuchapisha makala yake ndani ya siku chache. Habari ya malipo inakuja baadaye, makala ikishakubaliwa.

Kutoza ada si kosa. Majarida mengi ya heshima hutoza ili msomaji asome bure. Kosa ni kupokea fedha na kuruka kazi yenyewe: kuwapa wataalamu makala waihakiki, waisahihishe, hata waikatae. Jeffrey Beall, aliyekuwa mkutubi wa Chuo Kikuu cha Colorado Denver, ndiye aliyeyaita majarida ya aina hii "wawindaji".

Mwaka 2013 mwandishi wa habari John Bohannon alitunga utafiti wa uongo kuhusu kemikali ya kutibu saratani, akaujaza makosa ambayo mhakiki makini angeyaona mara moja. Aliutuma kwa majarida 304. Majarida 157 yakaukubali. Saratani, jamani! Kuna mgonjwa mwisho wa mnyororo huo.

Mwaka 2019 mahakama ya Marekani iliiamuru OMICS, kampuni ya Hyderabad, India, inayochapisha majarida ya aina hii, ilipe zaidi ya dola milioni 50 kwa kuwadanganya watafiti.

Wanaonaswa mara nyingi ni vijana wanaodaiwa machapisho ili wapandishwe cheo. Kwa hiyo kabla ya kutuma, soma orodha ya wahariri, umwandikie mmoja wao kupitia chuo chake. Wapo waliowekwa humo bila kuulizwa.