Mipangilio ya swichi ni mali: yafaa iwekewe akiba

Usiku wa Ijumaa, tarehe 6 Aprili 2018, mafundi wa vituo vya kompyuta nchini Iran walipatwa na jambo lisilo la kawaida. Swichi na ruta zilizokuwa zikipitisha mawasiliano ya makampuni ya intaneti zilinyamaza. Umeme ulikuwapo, mashine zilikuwa nzima, wala hapakuwa na waya uliokatwa. Waliozichunguza mashine hizo walikuta ndani yake bendera ya Marekani iliyochorwa kwa herufi, pamoja na onyo la Kiingereza la kutoingilia uchaguzi wa nchi hiyo. Mipangilio waliyoijua ilikuwa imefutwa.

Wizara inayohusika na mawasiliano nchini humo ilieleza kwamba mashine 200,000 duniani zilipatwa na mkasa huo, na kwamba 3,500 kati yake zilikuwa Iran. Urusi nayo haikusalimika. Waziri wa Iran wakati huo, Mohammad Javad Azari-Jahromi, alitangaza upesi kwamba asilimia 95 ya mashine zilizoathirika nchini mwake zilikuwa zimekwisha kurejea kazini.

Msomaji atauliza, na ana haki ya kuuliza: mashine ambayo haikuvunjika yawezaje kufa, na yafufuliwaje?

Swichi ni sanduku la chuma lenye matundu, aghalabu 24 au 48, na kila tundu huchomekwa waya wa kompyuta, simu au kamera. Sanduku hilo hununuliwa dukani. Lakini maagizo yaliyomo ndani yake hayauzwi popote. Maagizo hayo ndiyo yanayosema kwamba matundu haya ni ya wahasibu, yale ni ya kamera za ulinzi, na kwamba watu wa fungu moja wasichungulie mambo ya fungu jingine. Ni kazi ya miaka, iliyofanywa na mafundi wengi, kila mmoja akiongeza mstari wake kisha akahamishwa. Swichi mpya itokayo katika karatasi zake hailijui hata moja katika hayo.

Mwandishi wa makala haya aliwahi kufika katika ofisi moja siku ambayo kijana mmoja, kwa nia njema kabisa, alikuwa amebonyeza kwa pini kitufe kidogo cha swichi na kukishikilia, akidhani kuwa anaizima na kuiwasha tu. Sanduku liliamka likiwa jipya kama siku lilipotoka kiwandani. Kwa siku tatu watu wazima walitambaa chini ya meza na tochi mkononi, wakifuata waya mmoja mmoja ili kujua ulikotoka na ulikokwenda. Mishahara ya mwezi ule ilichelewa. Kumbukumbu pekee ya mipangilio ilikuwa katika daftari la ofisa aliyekwisha kustaafu. Kijana alikemewa sana, na sidhani kwamba yeye ndiye aliyestahili.

Yafaa ifahamike kwamba swichi za aina ya Cisco, na nyingine nyingi, zina kumbukumbu mbili. Ya kwanza ni ile inayotumika sasa hivi, nayo hupotea umeme ukatikapo. Ya pili hubaki hata umeme usipokuwapo, na ndiyo isomwayo mashine inapowashwa. Fundi anapobadili jambo hubadili ile ya kwanza. Asipotoa amri ya kuhifadhi, kazi yake imeandikwa juu ya maji. Yaweza kupita miezi minane bila tatizo lolote. Kisha umeme unakatika usiku, asubuhi idara nzima haina mtandao, na hakuna akumbukaye kilichobadilishwa mwezi wa pili.

Hata hivyo, kuhifadhi ndani ya sanduku si kuweka akiba. Sanduku likiungua kwa radi, nakala huungua nalo. Na adui akiingia, hufuta zote mbili. Nakala ya akiba ni ile iliyopelekwa katika mashine nyingine, ikiwa na jina la swichi na tarehe. Njia kongwe ya kuipeleka huitwa TFTP. Ni nyepesi, lakini haiulizi neno la siri, na husafirisha maandishi yakiwa wazi kama barua isiyo na bahasha. Njia ya SCP huyafumba. Tofauti hiyo si ndogo, kwani ndani ya nakala mna maneno ya siri, na baadhi yake hufichwa kwa namna dhaifu ambayo mtu yeyote mwenye kompyuta aweza kuifumbua mara moja. Basi nakala hiyo itunzwe kwa kufuli kama zitunzwavyo funguo za stoo. Zipo pia programu zisizolipiwa, kama RANCID na Oxidized, ambazo huchukua nakala zenyewe kila zinapopangiwa na kuonyesha mstari uliobadilika.

Kurejesha ndiko kunakowashinda wengi. Mtu huchukua nakala ya zamani na kuimimina juu ya mipangilio inayotumika, akidhani ameirudisha hali ya jana. Sivyo. Katika swichi za Cisco mimiminiko hiyo huchanganya: mistari ya zamani huingia, lakini iliyoongezwa baadaye hubaki palepale, na matokeo yake si ya jana wala ya leo. Hapana budi kutumia amri ya kubadilisha mipangilio yote kwa pamoja, au kuiweka nakala katika kumbukumbu ya kudumu na kuiwasha mashine upya. Tena katika nyingi ya swichi hizo orodha ya mafungu ya mtandao hukaa katika faili lake la pekee. Aliyenakili faili kuu tu atakuta matundu yamepangiwa mafungu ambayo hayapo. Funguo za kuingilia kwa njia ya siri nazo hazimo katika nakala, hutengenezwa upya.

Ipo hila moja ndogo niipendayo. Fundi anayebadili swichi iliyo mbali huiamuru kwanza ijizime na kujiwasha baada ya dakika kumi. Kosa likimkatia njia, hana haja ya kupanda gari: dakika zikitimia, swichi huamka na mipangilio yake ya awali. Kazi ikifaulu, huifuta amri ile na kuhifadhi.

Kuirudisha swichi katika hali ya kiwandani kuna wakati wake, hasa neno la siri linapopotea, au mashine inapohamishwa ama kuuzwa. Lakini lile faili la mafungu halifutiki pamoja na faili kuu. Sharti lifutwe peke yake. Swichi ya zamani ikitolewa stoo bila kufutwa hivyo, ikiwa na jina lilelile la mtandao na hesabu kubwa zaidi ya marekebisho, huweza kuzitangazia swichi nyingine orodha yake iliyochakaa, nazo zikaipokea na kuyafuta mafungu ya jengo zima.

Tukirudi Iran, mlango uliotumiwa ni huduma iitwayo Smart Install, iliyobuniwa ili swichi mpya ipokee mipangilio yake kutoka mbali bila fundi kwenda. Haikuuliza neno la siri kwa yeyote. Cisco ilikuwa imetoa tahadhari na marekebisho mwishoni mwa Machi, lakini Wairani walikuwa katika sikukuu ya mwaka wao mpya, na makampuni kadhaa hayakuyaweka. Kwa asiyeihitaji huduma hiyo, amri ya kuifunga ni ya maneno mawili tu.