Sola ya mkopo inajua nini kuhusu nyumba yako?

Jana taa iliwaka, redio ikasema, simu ikajaa chaji. Leo malipo yamechelewa na taa haiwaki, wala hakuna fundi aliyefika. Nani kaizima?

Jibu limo ndani ya boksi la betri. Sola za lipa kidogo kidogo zilishika kasi Afrika Mashariki baada ya M-KOPA kuanza kuziuza Kenya mwaka 2012. Ndani ya vifaa vingi vya aina hiyo mna laini ya simu. Laini hiyo hupeleka habari kwa kampuni: betri ina chaji kiasi gani, paneli inaingiza umeme kiasi gani. Kwa njia hiyohiyo hurudi amri ya kufunga au kufungua.

Faida ipo. Betri ikianza kuchoka, kampuni inaweza kuona ikiwa mbali, hata kama unaishi Mwera au Maramba. Ipo pia sola isiyo na laini: unalipa, unatumiwa namba, unazibonyeza kama za LUKU. Hiyo haipeleki habari zako, lakini fundi hajui ubovu mpaka umpigie.

Kwa hiyo kutoa taarifa si kosa. La kujiuliza ni kama taarifa hiyo inahitajika kwa huduma. Hali ya betri inahitajika. Lakini matumizi ya kila saa yanaweza kuonyesha mnalala saa ngapi na lini nyumba haina mtu. Hiyo ni siri ya nyumba. Na namba za ndugu zako zilizo kwenye simu haziwashi taa.

Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 1, 2023, inamtaka anayekusanya taarifa akueleze lengo lake. Una haki ya kujua alichonacho kukuhusu na kuomba makosa yarekebishwe. Usiposikilizwa, lalamika kwa Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi.

Basi msikilizaji, kabla ya kutia saini au dole gumba, muulize wakala:

- Kifaa hiki kina laini? Kinapeleka nini?
- Nani mwingine anapewa taarifa zangu?
- Nikimaliza deni, kitaendelea kupeleka?

Akishindwa kujibu, mwambie akaulize ofisini kwao kwanza. Sola haiozi, itakusubiri.