Jiwe la mtoni lapataje kung'aa?

Mtoto akirudi kutoka mtoni, mifuko ya kaputula yake imejaa mawe. Yalipokuwa majini yalikuwa na uzuri: moja jekundu, moja jeupe kama maziwa, moja la kijivu lenye mistari myeusi. Afikapo nyumbani yamekwisha kauka, yamefifia, hayana tofauti na kokoto za barabarani. Mama huyatupa nyuma ya nyumba, mtoto hulia, na habari huishia hapo.

Lakini mtoto huyo hakudanganyika. Rangi aliyoiona imo katika jiwe kweli. Uso wa jiwe, hata ukionekana laini, umejaa mikwaruzo na vishimo vidogo mno visivyoonekana kwa macho, na nuru iangukapo juu yake hutawanyika huku na huku. Maji yakijaza vishimo hivyo, nuru hupenya na rangi hutokea. Maji yakikauka, rangi hujificha tena. Basi kung'arisha jiwe si kulipaka kitu, wala si kulitia rangi. Ni kuondoa mikwaruzo hiyo mpaka jiwe kavu lionekane kama limetoka majini sasa hivi.

Mto wenyewe huianza kazi hiyo. Wakaaji wa Uvira wanavijua vijito vishukavyo kutoka milimani, na jinsi vinavyosukuma mawe kuelekea ziwa la Tanganyika. Mwezi wa Aprili 2020 mto Mulongwe ulifurika, ukabomoa nyumba na kuua watu, ukaacha mawe na matope katikati ya makao. Nguvu hiyo hiyo, ikitumika pole pole kwa miaka mingi mno, huvunja pembe za mawe na kuyafanya mviringo. Daudi alipokwenda kumkabili Goliati aliokota kijitoni mawe matano laini. Mchungaji yule alijua mahali pa kuyatafuta. Ila mto haulifikishi jiwe kwenye kung'aa, kwa sababu hauchagui mchanga wake. Mchanga mwembamba ukilainisha leo, changarawe hukwaruza tena kesho.

Kuchagua mchanga, ndiyo siri yote.

Watu wa Khambhat, mji wa pwani huko Gujarat nchini India, waliijua siri hii zamani sana. Kazi yao ni akiki, jiwe jekundu ambalo shanga zake zilivushwa bahari karne nyingi zikauzwa pwani ya Afrika ya Mashariki. Shanga zilizokwisha chongwa walizitia katika mfuko wa ngozi nene pamoja na maji na unga wa jiwe kali liitwalo emeri, wakaufunga. Kisha watu wawili waliketi wakielekeana, wakawa wanausukuma mfuko huo, huyu kwa huyu, siku kumi na zaidi. Nafikiri mara nyingi juu ya watu hao wawili. Waliongea nini siku zote hizo? Leo huko mapipa yanayozungushwa na mota yameshika mahali pa mfuko, lakini kazi ni ile ile.

Mchanga utumikao siku hizi ulipatikana kwa bahati. Mwaka 1891 Mmarekani Edward Acheson alikuwa akijaribu kutengeneza almasi kwa kuchoma udongo na makaa kwa nguvu ya umeme. Almasi hakuipata, akapata chembe ndogo zenye kumetameta, ngumu kuliko karibu mawe yote isipokuwa almasi na machache mengine. Akaziita karborundi. Ndizo zilizomo hata katika karatasi nyeusi ya msasa wa maji wauzwayo na wenye maduka ya vyuma.

Mashine yenyewe haina makuu. Ni kipipa kilichofunikwa ndani kwa mpira, kimelazwa juu ya vyuma viwili vya mviringo, na mota ndogo inakizungusha pole pole mchana na usiku. Mawe hupandishwa ubavuni mwa kipipa, kisha huteleza kushuka juu ya wenzao, kama udongo wa mlima unapoporomoka. Katika kuteleza huko ndimo yanamosuguana. Kwa hiyo kipipa kijazwe theluthi mbili, au zaidi kidogo. Mawe yakiwa machache, badala ya kuteleza huanguka na kupasuka. Yakijaa pomoni, hayana nafasi ya kutembea. Maji yafike karibu na usawa wa mawe ya juu, yasizidi.

Juma la kwanza hutiwa mchanga mnene, wa namba 60 hadi 90. Namba hizo ni hesabu ya matundu ya chekecheo, na kwa hiyo namba ikikua, chembe huwa ndogo. Pembe zikiisha kuondoka (na majuma mawili au matatu hupita pengine kabla hazijaondoka) hufuata mchanga wa 120 hadi 220, juma zima. Kisha wa 500, juma zima. Mwisho huja unga mweupe wa oksidi ya alumini, mwembamba kama unga wa muhogo, juma jingine. Jumla ni mwezi mmoja au zaidi, na jiwe limepungua. Umeme ukikatika usiku kucha, kama utokeavyo kwetu, usikiache kipipa hivyo hivyo siku nyingi, maana matope yake huganda kama simenti. Wala matope hayo yasimwagwe katika bomba la maji machafu, bali katika shimo shambani.

Kati ya kila mchanga na mchanga kuna kuosha, na hapo ndipo nilipoanguka mimi.

Nilipokuwa mwanafunzi wa sekondari, Frateri aliyetufundisha sayansi alikuwa na kipipa alichokiunda mwenyewe, kikizungushwa na mota ya mashine mbovu ya kufulia nguo. Akanikabidhi kazi ya kukitunza. Siku ya kutia unga wa mwisho kulikuwa na mpira wa miguu uwanjani. Niliosha mawe, nikaosha kipipa, nikafunga, nikakimbia. Baada ya juma tukafungua. Mawe yalikuwa na mng'ao, lakini juu ya kila moja kulikuwa na mikwaruzo mirefu, kana kwamba paka amepita. Frateri akaniuliza kama niliosha vyote. Nikajibu: «Ndiyo, Frateri, vyote.» Akakichukua kifuniko, akapitisha kidole katika ufa wa mpira wake, akaniwekea kiganjani chembe tatu nyeusi za mchanga mnene. Hakusema neno. Alinitazama tu, nami nikasema kweli, nikiwa nimechelewa. Tulirudia majuma mawili ya kazi. Tangu hapo huosha kifuniko kwanza, kabla ya chochote.

Je, mawe gani yafaa? Mwaka 1812 Friedrich Mohs, mwanachuoni aliyezaliwa Ujerumani, aliyapanga mawe kwa ugumu wake, toka 1 hadi 10, almasi ikiwa ya mwisho. Kwarzi, ambayo ndiyo mawe mengi meupe ya mitoni, hufika 7: kisu hakiikwaruzi, bali yenyewe hukwaruza kioo. Hiyo ni nzuri sana, na akiki na yaspi vilevile. Sharti ni moja: mawe ya kipipa kimoja yawe na ugumu mmoja, ama sivyo magumu yatayala yaliyo laini. Jiwe jeusi la Goma, lililomwagwa na mlima Nyiragongo, liache lijengewe kuta. Limejaa matundu, na matundu hayo huhifadhi mchanga mnene na kuutapika katika juma la mwisho, sawasawa na kifuniko changu.

Wasomaji wetu wa Katanga watauliza habari za malakiti, jiwe lao la kijani lenye miviringo, ambalo mafundi wa Lubumbashi hulichonga kuwa misalaba, visanduku na shanga. Malakiti ni laini, ugumu wake haufiki zaidi ya 4. Tena ni shaba iliyoungana na vitu vingine, na vumbi lake ni sumu. Lisichanganywe na kwarzi. Wala mwenye kisanduku cha malakiti nyumbani asikisafishe kwa ndimu au siki, maana mng'ao utaliwa mara moja.

Juu ya vumbi nataka kusema zaidi, hasa kwa wavulana wapendao kujaribu. Huko Khambhat, kabla shanga hazijaingia mfukoni au katika pipa, huchongwa kwa kusuguliwa juu ya gurudumu linalozunguka, na vumbi la akiki hujaa chumbani. Vumbi hilo, jembamba kuliko unga, hushuka mpaka ndani kabisa ya mapafu na kuacha makovu. Ugonjwa huo huitwa silikosi. Hauna dawa ya kuuponya, nao hufungulia mlango kifua kikuu. Wachongaji wengi wa mji ule wameugua hivyo na kufa wangali vijana, na hata jamaa na majirani ambao hawakushika gurudumu wamevuta vumbi lile. Shanga tunayoisifu kwa wekundu wake ina gharama isiyoandikwa dukani. Kipipa hakina hatari hiyo kwa sababu kila kitu kimo majini. Lakini asiwepo mtu wa kusaga, kukata au kusugua jiwe likiwa kavu, hata kwa dakika tano, hata nje penye upepo.

Mwenye kukosa mashine anunue msasa wa maji namba 120, 220, 400, 800 na 1500, kipande kimoja kimoja. Achague jiwe moja tu, lililokwisha kulainishwa na mto, lisilo na ufa. Alisugue ndani ya beseni la maji, namba moja baada ya nyingine, akiosha mikono, beseni na jiwe kila anapobadili karatasi. Malakiti humaliza kwa saa chache, na maji yake ya kijani yamwagwe mbali na kuku na kisima. Kwarzi huchosha mikono siku nyingi, na pengine haitafikia mng'ao wa kipipa. Kisha alifute, aliweke mezani usiku kucha, alitazame asubuhi likiwa kavu kabisa. Likionekana bado limefifia, arudi kwenye 400.